Mke wa Enoki Anatembea

Hulda alitoka nyumbani saa moja asubuhi, ukungu wa Juni ukiwa bado umeulalia mji wa Njombe, naye hakuwa na kitu kichwani. Hakuwa na debe la maji wala tita la kuni wala kikapu cha viazi. Mgongoni hakubeba mtoto, mkononi hakushika jembe. Alikuwa na shuka lake la baridi, viatu vya raba vya mumewe vilivyomzidi kidogo, na miguu yake miwili.

Huenda msomaji akauliza kuna ubaya gani hapo. Ubaya ulikuwa mkubwa. Mwaka ule, mwanamke wa Njombe akionekana njiani kichwa kitupu, ama alikuwa amefiwa na anakimbilia matangani, ama alikuwa amefukuzwa kwa mumewe. Hulda hakuwa anakimbia na hakuwa amefukuzwa. Alikwenda polepole, akitazama juu kwenye miti.

Jirani yake Fidelia, Mkatoliki mwenye mdomo mwepesi, alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Kamwene, Hulda."

"Kamwene, dada."

"Wapi asubuhi hii?"

"Naenda mpaka kwenye maporomoko, halafu narudi."

"Umesahau nini huko?"

"Sijasahau kitu."

"Basi unakwenda kuchukua nini?"

"Sichukui kitu, dada. Unajua. Natembea."

Fidelia alijua, maana yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Lakini kila asubuhi aliuliza, kwa sababu jibu lilimchekesha kila asubuhi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Machi Hulda alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Mzee Hezekia, mzee wa kanisa la Kilutheri aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale, alimbatiza kwa haraka kwa maji ya kibuyu akamwita Idda, na siku mbili baadaye yeye huyo huyo akamzika. Tangu hapo Hulda alikaa jikoni. Hakulia wala hakusema, alikaa tu. Miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi, chakula kikamshinda. Mwezi wa Mei Fidelia alimvuta mkono mpaka hospitali ya misheni, nje ya mji, na daktari, mama wa Kizungu aliyeongea Kiswahili cha kutafuta, alimpima mbele na nyuma asione dawa ya kumpa. Akachukua karatasi akaandika: "Mama huyu atembee kila siku saa moja, bila mzigo."

Kama daktari alikusudia muda wa saa moja au saa moja ya asubuhi, hakuna aliyejua. Hulda alitoka saa moja asubuhi akarudi alipochoka, akaona ametii vyote.

Siku ya kwanza alipita boma, akafika kwenye mkaratusi uliopigwa na radi, akakaa chini akihema. Pale njia inagawanyika. Ya kushoto inapanda kwenye makaburi ya kanisa, chini ya miti ya misindano. Ya kulia inateremka mpaka pale mto Ruhuji unapojimwaga kwenye miamba. Kila siku Hulda alishika ya kulia. Ya kushoto hakuitazama hata kwa jicho moja.

Wiki ya pili alifika kwenye milanzi, ile mianzi ya kugema pombe. Wiki ya tatu alifika kwenye maporomoko yenyewe, akakaa juu ya jiwe, matone yakamlowesha uso. Alikuwa amekaa Njombe miaka minne, na maji yale aliyajua kwa kuyasikia tu kama mtu anavyosikia kinu cha jirani. Hakuwahi kuja kuyaona, kwa kuwa huwezi kuchota pale, wala kufua, na kuni hakuna. Siku ile aliona korongo wawili wenye taji wakitembea kwenye majani ya ng'ambo, nao pia hawana mzigo. Alifurahi. Alishtuka kujiona amefurahi, akaona aibu, halafu akaona njaa. Aliporudi alikula viazi vitano.

Njia ile haikukosa miiba. Mwaka huo Waingereza walikuwa wamemtawaza Malkia wao mpya, na boma lote lilikuwa limefyekwa na kupambwa kwa bendera. Tarishi mmoja, mwenye kofia nyekundu na vishikizo vinavyong'aa, alimsimamisha chini ya mikaratusi.

"We mama, una shauri gani bomani?"

"Sina shauri. Napita."

"Kupita kwenda wapi?"

"Mtoni."

"Ndoo iko wapi?"

"Siendi kuchota."

"Basi huendi mtoni," tarishi alisema. "Rudi."

Wakati wanasema hayo, mke wa Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu wa bomani, alipita na mbwa wake mwenye masikio marefu. Hakuwa na ndoo. Hakuwa na shauri. Alikwenda mtoni kila siku na hakuna aliyewahi kumwuliza mbwa huyo anakwenda kuchota nini. Aliinua mkono akasema "Jambo", tarishi akapiga saluti, na Hulda akatumia nafasi hiyo kuendelea na safari yake.

Kesho yake aliamua kuwa mjanja, akabeba debe tupu. Kweli, hakuna aliyemwuliza neno. Alipita bomani na debe lake, akapita milanzi, akakaa kwenye jiwe, akarudi. Siku ya tatu wanawake wa bondeni walimwona anapanda na debe kavu wakamhurumia.

"Mwenzetu, mbona unarudi bure? Umeshindwa kuinama? Lete tukujazie."

Walimjazia mpaka juu, wakamtwika, wakamsindikiza kwa maneno mazuri. Angesema nini? Alipanda kilima na lita ishirini kichwani, shingo ikitetemeka. Alipofika nyumbani alilala siku mbili, miguu ikavimba tena. Siku ya tatu alilifunika debe uani, akatoka mikono mitupu, na watu wakaanza kusema upya.

Aliyesumbuka kuliko wote alikuwa Mzee Hezekia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ni lazima lisemwe mapema. Alikuwa mtu wa kazi. Maisha yake yote hakuwahi kutoka nje ya ua wake bila jembe begani, hata akienda kuamkia wagonjwa, ili mtu yeyote asije akamfikiri anazurura. Jembe lile lilikuwa limelika mpaka likawa kama kijiko. Enoki, mume wa Hulda, alikuwa Makambako kwenye kambi ya barabara, mnyapara wa watu thelathini, na alipoondoka alimwambia, "Mzee, nyumba yangu nakuachia uiangalie." Hezekia alikuwa anaiangalia.

Alimfuata Hulda uani.

"Binti yangu, watu wanauliza."

"Nawajibu, mzee. Karatasi ya daktari hii hapa."

Hezekia alivaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili. "Anasema bila mzigo," akakubali. "Lakini hakusema bila jembe. Jembe si mzigo. Liweke begani tu, uonekane una pa kwenda."

"Nilibeba debe, mzee, likajazwa. Nikibeba jembe nitaitwa shambani."

"Na ukiitwa, kuna ubaya?"

"Kwa sasa upo," Hulda alisema taratibu. "Nguvu ninayo ya kutembea tu."

Hezekia alikunja karatasi akamrudishia. Hakupenda kujibiwa, ingawa alijibiwa kwa adabu. Akarudi kwake, akatoa kalamu na kuandika barua.

Kiswahili Mzee Hezekia alikipata shule ya misheni, miaka mitatu, kwenye kitabu cha dini na kitabu cha hesabu. Kilikuwa Kiswahili safi, kila neno na maana yake moja. Aliandika hivi:

"Kwa ndugu Enoki, salamu katika Bwana. Sisi wazima ila baridi. Ninakuarifu kwa huzuni kwamba mkeo anatembea. Anatembea kila siku bila kukosa, mchana kweupe, mbele ya boma na mbele ya watu. Nimemwonya, hasikii. Ukimwuliza anasema ni mambo ya daktari. Kila siku daktari, daktari. Mji wote unajua. Usikasirike, ila njoo utengeneze nyumba yako. Mimi Hezekia."

Aliisoma, akaona haina kosa hata moja. Akampa Kasimiri, dereva wa lori aliyekuwa anateremka Makambako.

*

Makambako ni mahali pa upepo na malori. Njia ya kutoka Iringa, ya kwenda Mbeya na ya kwenda Njombe zinakutana pale, na madereva wakikutana hawazungumzi maneno ya kitabu cha dini. Enoki alikuwa amekaa nao miaka miwili. Kwao, mwanamke akisemwa kwamba "anatembea", hakuna anayeuliza anatembea kwenda wapi. Wanauliza anatembea na nani.

Alisoma barua akiwa amesimama karibu na pipa la lami. Aliposoma neno lile mara ya kwanza aliruka mbele, akidhani hakuona vizuri. Lilikuwepo tena mstari uliofuata.

"Habari za nyumbani?" Kasimiri aliuliza.

"Nzuri."

"Mbona umekaa?"

Enoki hakuwa amejua kwamba amekaa. Alikunja barua, akaifungua, akaikunja. Ni mambo ya daktari, alisema moyoni. Daktari yupi? Njombe mjini hapakuwa na daktari. Palikuwa na Odilo tu, dresa wa zahanati ya boma, kijana asiye na mke, mwenye baiskeli na kitana mfukoni, ambaye kila mtu alimwita daktari naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Odilo alikuwa akicheka na wanawake wote. Enoki alikumbuka meno yake.

Alikwenda kwa bwana wa barabara kuomba ruhusa. Bwana yule alikuwa ananyoa ndevu mbele ya hema, na hakugeuka.

"Sababu?"

Watu kumi walikuwa karibu wakichanganya kokoto, na masikio ya kila mmoja yalikuwa wazi. Enoki alishindwa kusema kweli.

"Mke wangu anaumwa, bwana."

"Sana?"

"Sana."

"Siku tatu," bwana alisema kwenye kioo, na Enoki akaondoka akiona watu wanampisha kwa heshima ya mgonjwa ambaye yeye hakumwamini.

Alipanda lori la Kasimiri mchana. Wakalala Kichiwa kwa sababu ya ukungu, na safari nzima alipanga atakayosema. Atamrudisha kwao Matembwe. Atasema maneno machache. Hatapiga kelele, kwa sababu kelele ni za walevi.

"Kaka," Kasimiri alisema wakikaribia Njombe, "mkeo ana nini hasa?"

"Miguu," Enoki alijibu.

*

Saa moja ilikuwa imekwisha kupita alipofika nyumbani, jua likianza kutoka kwenye ukungu. Mlango ulikuwa umerudishwa, moto jikoni umefunikwa majivu vizuri, kitanda kimetandikwa. Hulda hakuwepo. Fidelia alichungulia juu ya ua.

"Ee, Bwana Enoki! Karibu! Mwenzako ametembea."

Alilisema neno lile bila aibu, tena kwa kicheko.

"Saa hizi?" Enoki aliuliza.

"Saa zake ndizo hizi. Saa moja kamili, hata padre hapigi kengele hivyo. Anapita boma, anateremka. Ukienda haraka utamkuta."

Enoki alikwenda haraka. Njia nzima watu walimwamkia, na kila salamu aliiona ina sukari iliyozidi. Karibu na boma akakutana na Odilo mwenyewe anapanda kilima, amekokota baiskeli, nywele zimechanwa.

"Bwana Enoki! Umerudi?" Odilo akacheka meno yote nje. "Mkeo nimempita sasa hivi huko chini. Hongera bwana, mwili wake umerudi. Mwezi uliopita ungemwona ungelia, lakini sasa anapendeza."

Enoki alipiga hesabu. Ikiwa mtu huyu anapanda na mke wake yuko chini, basi ama wamekwisha kuonana ama huyu si yeye. Akampita bila kujibu. Odilo alimtazama, akafikiri mnyapara amepata cheo kipya, akaendelea na safari.

Chini ya milanzi Enoki alimwona. Alikuwa mbele yake hatua mia moja hivi, shuka begani, anakwenda taratibu. Enoki akajificha nyuma ya mti. Hulda alipokwenda alikwenda, aliposimama alisimama. Si jambo rahisi kwa mwanamume mrefu mwenye koti la serikali kujificha nyuma ya milanzi. Bibi mmoja aliyebeba kuni alimkuta amechutama kwenye majani, akamwamkia kwa sauti ya huruma, akidhani tumbo limemshika ghafla.

"Kamwene, baba. Pole."

"Asante, mama," Enoki alinong'ona. Hakuwahi kuona aibu kama ile.

Hulda alifika kwenye maporomoko akakaa juu ya jiwe. Enoki alisubiri. Alisubiri mtu atokee ng'ambo, au nyuma ya mwamba, au kwenye njia ya juu. Maji yalimwagika. Ndege mmoja mdogo alitua kwenye jiwe, akatikisa mkia, akaruka. Hulda alivua viatu vya raba, akaviweka pamoja, akanyoosha miguu kwenye jua lililokuwa limeanza kupenya. Vilikuwa viatu vyake yeye Enoki. Jua lilipanda, baridi ikapungua, na hakuna aliyekuja.

Mwishowe Hulda alisema bila kugeuka, kwa sauti ya kushinda maji, "Toka huko. Kuna siafu."

Enoki alitoka, akijipangusa magoti.

"Umejuaje ni mimi?"

"Kikohozi chako, tangu kwenye milanzi. Umekuja lini?"

"Yuko wapi?" Enoki aliuliza.

"Nani?"

"Daktari."

"Daktari yuko misheni. Kwani nani mgonjwa?"

Enoki alitoa barua akampa. Hulda aliisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi juu, akaisoma tena, na mabega yakaanza kutikisika. Enoki alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akatoa karatasi ya daktari kwenye kifundo cha nguo yake, akaiweka juu ya barua ya Hezekia, akampa zote mbili.

Enoki alisoma. "Mama huyu atembee." Akasoma tena. Damu ilimpanda usoni, na akajaribu kucheka yeye pia, lakini Hulda alikuwa amekwisha kuacha kucheka.

"Maili arobaini umekuja kwa neno hili," alisema.

"Hulda, mtu yeyote angesoma..."

"Bwana wa barabara amekupa ruhusa?"

"Amenipa. Siku tatu."

"Mtoto alipokufa ulituma neno kwamba amekataa."

Enoki alitazama maji. Ilikuwa kweli kwamba Machi barabara ilikatika kwa mvua. Ilikuwa kweli pia kwamba hakuomba ruhusa mara ya pili. Na alipokuja Pasaka, alikaa siku mbili juu ya paa akiezeka jiko ambalo halikuvuja, na hakuuliza mtoto alilazwa upande gani.

"Nilimwambia unaumwa," akasema. "Safari hii. Niliona aibu kusema kweli, nikasema unaumwa."

"Basi hukumdanganya," Hulda alisema. "Niliumwa. Ningekufa pale jikoni, Enoki, si kwa ugonjwa wa kutajwa jina. Sasa nisikilize. Mzee Hezekia atakuja leo, najua. Atakwambia unizuie. Ukinizuia nitatii, kwa sababu wewe ni mume wangu. Nitarudi jikoni. Lakini nikirudi jikoni safari hii, sitoki tena."

Alivaa viatu, akaanza kupanda kilima. Enoki alimfuata nyuma. Kwenye mkaratusi uliopigwa na radi, Hulda aliinamisha macho akapita haraka. Enoki hakujua kwa nini, ila aliona.

*

Mzee Hezekia alikuja saa tisa alasiri na jembe lake begani. Alipoambiwa neno lake lilisomwaje Makambako, alikaa kwenye kigoda kwa kishindo.

"Mimi? Mimi niliandika hivyo?"

"Hukuandika hivyo, mzee. Nilisoma hivyo."

"Lakini neno ni *tembea*! Lipo kwenye kitabu!" Mzee alishika kichwa. "Bwana Mungu wangu. Nimemsingizia mtoto wa watu."

Aliomba radhi mara tatu, na kwa kweli machozi yalimlengalenga. Hulda alimletea uji akasema yamekwisha. Lakini Hezekia alikuwa Hezekia, na uji ulipofika nusu moyo wake wa kazi ukarudi.

"Hata hivyo, Enoki mwanangu, jambo lenyewe bado. Watu hawataelewa. Kama wewe, mumewe, umeelewa vile, wengine je? Wazee wenzangu wameniuliza Jumapili. Wakilileta barazani, watasema asishiriki Meza ya Bwana mpaka jambo litengenezwe. Mimi nitasema nini?" Akapigapiga mpini. "Jembe tu. Abebe jembe. Wewe ni mume, sema neno moja tu yaishe."

Hulda alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mgongo umeegemea mwimo. Enoki alimwona yuko nusu ndani, nusu nje, akakumbuka lile paa la Pasaka.

Kwa mnyapara wa watu thelathini, kusema neno si kazi ngumu. Safari hii ilikuwa ngumu.

"Mzee," alisema, "kesho asubuhi nitatembea naye."

"Na jembe?"

"Bila jembe."

"Wewe? Mwanamume mzima, mikono mitupu?"

"Mitupu."

Hezekia aliweka bakuli chini. "Watu watasema nini?"

"Watasema Enoki anatembea na mkewe," Enoki alijibu. "Waseme tu."

Fidelia, ambaye kwa bahati alikuwa akiokota kuni karibu sana na ua, alipiga kigelegele kidogo akakimeza.

*

Kesho yake walitoka saa moja. Enoki hakujua mikono aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaishika nyuma kama mwalimu wa shule.

"Iachie tu," Hulda alimwambia. "Itazoea."

"Kamwene!" Fidelia aliita. "Wapi wawili hao?"

"Tunatembea," Enoki alisema, na masikio yakamwaka moto.

"Huyo daktari anawaandikia na Wakatoliki? Nami kesho niiteni. Ulezi hautanikimbia."

Wakapita, wakasikia bado anacheka. Kwenye mkaratusi uliopigwa na radi Hulda alisimama. Enoki naye akasimama. Aliitazama njia ya kulia, akaitazama ya kushoto inayopanda kwenye misindano, na hapo akaelewa macho ya jana.

"Hujawahi kwenda," alisema.

"Peke yangu siwezi."

"Mimi sijui hata ni lipi."

"Nitaliona," Hulda alisema. "Mzee aliniambia liko chini ya msindano uliopinda."

Walishika ya kushoto. Hulda alisimama mara mbili kupumua, na mara ya pili Enoki alimpa mkono, kwa kuwa ulikuwa mtupu. Kaburi lilikuwa dogo kuliko alivyofikiri. Miezi mitatu ya mvua na umande ilikuwa imeliotesha majani mpaka msalaba wa mti ulionekana kichwa tu. Kisha Enoki alipiga magoti akaanza kung'oa majani kwa vidole, na Hulda akapiga magoti upande wa pili. Ardhi ilikuwa ngumu kwa baridi. Mizizi ilikatika ikabaki chini. Enoki alilia pale, kwa sauti, kitu ambacho hakukifanya Machi wala Pasaka, na Hulda alimwacha alie akiendelea kung'oa.

Hawakusikia hatua. Mzee Hezekia alikuwa amewafuata tangu bomani ili aone kwa macho yake wanakokwenda, na alipoona alitamani asingewafuata. Alisimama kwa muda na jembe lake begani. Halafu akalishusha, akalielekeza mpini mbele.

"Mama Idda," alisema.

Hulda aliinua uso. Tangu Machi hakuna aliyemwita hivyo.

"Chukua, mwanangu. Mizizi hiyo haitoki kwa mikono. Nitalifuata kesho."

Hulda alilipokea kwa mikono miwili. Mzee aligeuka, akateremka kilima.

Alikuwa amefika bomani alipogundua kwamba bega lake halina kitu. Akajikuta anakwenda polepole, mikono inaning'inia, macho yamepanda juu kwenye mikaratusi, ambako upepo ulikuwa unapita na majani yanageuka meupe. Alikuwa amepita chini ya miti ile miaka ishirini. Fidelia, aliyekuwa anarudi kutoka sokoni na kikapu kichwani, akamwona kwa mbali na hakuamini.

"Mzee Hezekia! Wapi mikono mitupu?"

Mzee alitazama viganja vyake viwili, akafikiri, akatafuta neno jingine lolote kwenye Kiswahili chake, akalikosa.

"Natembea," alisema.